Hii Si Nanaa

Kwanza niseme jambo moja ili lisinisumbue tena: nanaa haiponyi kifua kikuu. Kilichonitibu mimi ni vidonge, vile vile vinavyotolewa bure kituo cha afya, nilivyovimeza kila asubuhi kwa miezi sita. Nalisema mapema kwa sababu tangu nipone watu wanakuja hapa kwetu Nyamugari, Gitega, kuniuliza nilikunywa majani gani, na nikiwajibu kwamba nilikunywa dawa za hospitali wanaona nawabania. Nanaa ilifanya kazi moja tu, ya kuvizuia vidonge visirudi vilikotoka. Hiyo kazi moja ilipokosa wa kuifanya, nilikaribia kupoteza matibabu yote.

Naandika kwa ajili ya yule anayeanza sasa, aliyekaa kwenye benchi na kikohozi chake amekifunika kwa kitenge. Dada yangu, kaka yangu, mimi sina maneno matamu. Ni ugonjwa wa kuchosha na kuudhi, na wanaokupenda ndio watakaokuudhi kuliko wote.

Mimi nilikohoa msimu mzima wa kupanda maharage nikijidanganya kuwa ni vumbi la vitambaa. Mume wangu Saidi ni fundi cherehani, anashonea barazani, na mimi nauza vitenge kwenye kibanda kilichobanana na baraza hilo. Nguo zikaanza kunizidi. Saidi akawa ananipunguzia magauni, mshono baada ya mshono, na nikagundua kuwa hakati kitambaa kinachozidi, anakikunja ndani na kukishona juu juu. Nilimuuliza kwa nini anafanya kazi ya kivivu namna ile. Akasema, "Kitambaa iko yako. Utarudi utaikuta." Nilimjibu vibaya, maana siku zile nilimjibu kila mtu vibaya.

Kituo cha afya wanaopima makohozi wana benchi lao, nje, upande wa upepo. Wazo ni zuri, lakini maana yake ni kwamba kila anayepita anajua umekaa pale kwa ajili gani. Jirani yangu wa miaka kumi alipita na mtoto wake wa chanjo, akanisalimia kwa mbali, akamhamishia mtoto mkono wa upande wa pili. Nilisubiri tangu saa moja na nusu hadi saa sita. Jina langu lilipoitwa lilitamkwa kwa sauti ya kutosha kufika sokoni.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke mkavu, hana kicheko, na leo namwombea dua. Alinipa vidonge, akasimama hadi nilipomeza, kisha akanipa sheria ambayo ilitawala maisha yangu yote yaliyofuata.

"Mama, ukitapika mbele ya saa moja kupita, ni kama haukumeza. Unarudi hapa, unameza tena. Na ukitapika kila siku, bon, dawa haitafanya kazi, tutakutuma hospitali kubwa, utaanza upya na sindano. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Siku ya kwanza nilitapika baada ya dakika ishirini, kwenye mfereji wa nje ya lango lao, mbele ya mwendesha baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi. Nikarudi, nikameza tena. Jioni mkojo ukatoka mwekundu wa rangi ya machungwa, nikapiga kelele, Saidi akaja mbio na sentimita yake ya kupimia shingoni. Ni dawa tu, hakuna damu, lakini hakuna aliyekuwa amenitahadharisha. Basi nakutahadharisha wewe: utakojoa rangi ya machungwa. Usipige kelele.

Wiki zile za kwanza nililala chumba cha nyuma peke yangu, dirisha wazi hata mvua ikinyesha, sahani yangu na kikombe changu vimewekwa kwenye beseni lao. Mwanangu Yusufu yuko shule ya bweni, nikashukuru kwa hilo. Mama yangu alikuwa Muyinga, kwenye nyumba tuliyozaliwa, na alikuwa mzee, kwa hiyo tulimkataza kuja hadi muuguzi aseme siambukizi tena. Akawa ananipigia simu kila asubuhi, akisikiliza. Anasubiri ile saa ipite pamoja nami, upande wake wa simu, na nikianza kutapika anasema, "Pole, mwanangu, pole," mpaka nimalize.

Asubuhi moja akasema, "Ngoja. Mi najua kitu."

Ijumaa hiyo dereva wa gari ya Muyinga alimletea Saidi kifurushi cha jani la mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, ndani kuna kitambaa kibichi, na ndani ya kitambaa kuna fungu la majani. Nilipofungua, pua yangu iliyokuwa imeziba kwa wiki nyingi ikafunguka. Ilikuwa nanaa, lakini si ile ya hotelini mjini Bujumbura, nyororo na ya bustanini. Hii ilikuwa ya porini, majani madogo magumu yenye meno pembeni, na harufu yake ilikuwa ya baridi mpaka machozi yanatoka.

Mama alinielekeza: maji yachemke, nitie majani, nifunike, nisitie sukari, ninywe nusu kikombe kabla ya vidonge na nusu baada, kidogo kidogo. Nilimuuliza muuguzi, akanusa, akasema nikitaka ninywe, ilimradi nimeze dawa zangu. Siku ya kwanza saa moja ilipita. Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu nililia kwa furaha, na mama upande wa pili wa simu akaniambia niache ujinga, kulia kunaamsha kikohozi.

Kila Ijumaa kifurushi kilikuja. Nilimuuliza anaitoa wapi, maana sokoni Gitega nilikuwa nimetuma watu na hawakuiona. Akasema hakuna anayeipanda. Kuna wanaosema wafanyabiashara wa zamani walikuja nayo kwa ajili ya chai yao, na wengine kwamba ilitoroka bustani ya mapadri. Yeye alichojua ni kwamba iliponyoka siku nyingi, ikajitafutia makao penye maji yanayotembea polepole, si ndani ya maji yenyewe, si juu kwenye udongo mkavu, bali pale katikati ambapo ukikanyaga mguu unazama kidogo. Alikuwa anaitoa peke yake baada ya sala ya alfajiri, na hakutaka kufuatwa. Ukimfuata utaikanyaga, alisema.

Nilimwomba mizizi. Akanitumia mashina mawili yenye vijizizi, nikayachomeka kwenye debe nyuma ya nyumba, mbuzi wa jirani akayamaliza siku ya nne. Nilimgombeza yule mbuzi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alicheka mpaka akakohoa yeye.

Mwishoni mwa mwezi wa pili wa dawa nilipimwa tena makohozi, yakawa safi. Muuguzi akasema siambukizi, naweza kukaa na watu, lakini nimebakiza miezi minne na nisicheze. Nilitaka kwenda kwa mama siku hiyo hiyo. Saidi akasema mafuta hakuna, magari yamepanga foleni siku mbili kituoni, ngoja kidogo. Mafuta kweli hayakuwepo, kila mtu Burundi anajua habari hiyo. Nikampigia mama, simu haikupatikana.

Nikapiga ya mdogo wangu Mariamu, anayeishi na mama, akapokea. "Simu ya mama imeanguka ndani ya maji, dada. Mi ndo nitakuwa nakupigia."

"Mpe basi hiyo yako nimsikie."

"Amelala. Amechoka tu. Iko sawa."

Mama yangu na simu walikuwa maadui wa siku nyingi. Aliwahi kuisahau ndani ya unga. Nikaamini.

Kifurushi cha Ijumaa hiyo hakikuja. Kilichofuata kilikuja kimefungwa kwa mfuko wa plastiki, majani yameiva kwa joto, meusi. Nikatapika siku nne mfululizo. Cha wiki iliyofuata kilikuwa na majani mazuri, mabichi, mengi, na nilipoyanusa nikasikia karafuu.

"Hii si nanaa," nikamwambia Saidi. "Hii ni umwenya. Nyie mmepoteza pua?"

Umwenya ni ule mrihani wetu wa vichakani, kila mtu hapa anaujua, wengine wanauchemsha kwa mafua. Una harufu nzuri, lakini ni ya moto, na tumbo langu liliikataa hata kabla sijameza.

Saidi hakuinua macho. "Kunywa tu, Mama Yusufu. Mi nimesikia harufu, iko ile ile."

"Haiko ile ile! Mpigie Mariamu."

Mariamu akasema mama ndiye aliyeitoa, kwa mkono wake. Nikasema, mwambie basi macho yake yameharibika, aache uvivu, atembee hadi pale anapotembea siku zote. Nikasema zaidi ya hapo. Nilisema mwambie ananiua kwa majani ya mbuzi. Mariamu akasema, "Nitamwambia, dada."

Hivyo ndivyo mwezi wa tatu na wa nne ilivyokwenda. Nilitapika siku tatu kati ya tano, nikirudi kituoni kumeza tena, benchi lile lile, upepo ule ule. Kilo nilizokuwa nimezipata zikaondoka. Muuguzi aliandika kilo kwenye kadi yangu, akazizungushia duara, mwezi wa nne akaongeza duara la pili, akasema akiona duara la tatu ananituma hospitali kubwa.

Kila mtu akawa daktari wa majani. Mama Elia, mkulima wa Bugendana aliyekulia Tanzania na anayetuletea ndizi, alitembea na kikapu tangu alfajiri, akanitolea fungu la majani manene yanayonata vidoleni.

"Dada Hadija, hii ndiyo dawa ya kifua. Kule kwetu kilimani imejaa, hadi njia ya kwenda Mutoyi. Bibi yangu aliitafuta hata tulipokuwa ukimbizini."

Ilikuwa umuravumba, chungu kama nyongo. Nilimshukuru, na alipoondoka nikaitupa, nikajisikia vibaya, nikaiokota, nikaichemsha, nikatapika. Shangazi yake Saidi akaleta mchaichai. Mwalimu wa madrasa akaleta kitu ambacho hadi leo hakuna aliyekitambua. Wote waliniapia kuwa ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo sikiliza, nikueleze, usije ukahangaika kama mimi. Shika shina kati ya vidole: la nanaa lina pembe nne, halizunguki. Lakini hilo peke yake halitoshi, kwa sababu umwenya nao una pembe nne. Tazama majani, yanatoka mawili mawili yakitazamana, yamekaa shinani karibu bila kikonyo, na pembeni yana meno. Maua yake ni madogo ya zambarau iliyopauka, yamejipanga kileleni kwenye kijiti chembamba. Tafuna jani moja kisha uvute pumzi kwa mdomo. Ikiwa ni nanaa, pumzi itaingia ya baridi. Na mwisho, vuta. Umwenya utang'oka na mzizi wake mmoja mgumu kama kijimti, lakini nanaa haing'oki hivyo, inakuja na kamba nyeupe zinazotambaa chini ya udongo, na ukivuta kamba moja unakuta imeshikana na shina jingine hatua mbili mbele.

Hayo yote mama alinifundisha kwa simu. Na ndiyo yaliyowafichua.

Katikati ya wiki hizo Saidi alikwenda Muyinga, kwenye harusi, alisema, ya mtoto wa binamu yetu. Nilikasirika kwamba mafuta ya harusi yamepatikana na ya kunipeleka mimi kwa mama hayapo. Akasema alipanda lori la chumvi, mgonjwa hapandi lori. Alirudi na pilau kwenye kopo lenye mfuniko. Siku hiyo, kwa bahati, tumbo lilikuwa limetulia, nikala sahani nzima. Nikaisifia, nikasema mwambie bibi harusi wapishi wake wanajua kazi. Saidi akatoka nje.

Mwezi wa tano wa dawa, kiangazi kimeshaanza na maharage yamevunwa, nilimwagiza Mariamu anitumie majani pamoja na mizizi. Nilitaka kupanda mwenyewe, debe nimelizungushia waya, mbuzi ajaribu tena. Kifurushi kikaja mchana wa Ijumaa. Nilikaa barazani kwenye mkeka, Saidi kwenye cherehani yake, nikafungua.

Ulikuwa umwenya, mashina matatu mazima, kila moja na mzizi wake mmoja mnene. Udongo wake ulikuwa mwekundu, mkavu, wa shambani.

Nilikaa nayo mapajani. Sikukasirika, na hilo lilinishangaza. Nikawaza taratibu. Mama hawezi kukosea nanaa. Hata angekuwa kipofu, angeinusa. Hata angekuwa kitandani hawezi kusimama, angedai aletewe aione kabla haijafungwa, na hii angeitupa usoni mwa aliyeileta. Hiki kifurushi hakikupita mkononi mwake. Wala kile cha juzi, wala cha kabla ya hapo, tangu ile Ijumaa ambayo hakikuja kitu.

"Saidi," nikasema, "mama amekufa lini?"

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. Alikuwa anashona kola ya shati la shule. Akaniuliza, "Nani amekwambia?"

Ilikuwa wiki ile ile makohozi yangu yalipotoka safi, akanieleza. Mama alitoka kuanua nguo, akasema kichwa kinamuuma, akalala mchana, hakuamka. Wakamzika kabla ya alasiri ya kesho yake. Mimi siku hiyo, nimekumbuka baadaye, nilishinda nikipanga vitenge kwa rangi.

Nikauliza, "Na harusi?"

Saidi akafunika uso. Pilau ile ilikuwa ya arobaini ya mama yangu. Nilikula hitima yake nikaisifia kama karamu ya harusi.

Nitakwambia desturi yetu, kama wewe si wa huku. Mgonjwa hapewi habari ya kifo. Atafichwa mpaka asimame vizuri, na ukoo mzima utashirikiana, na dereva, na muuza ndizi, na mwalimu wa madrasa, kila mtu atacheka mbele yako akilia jikoni. Wanasema habari mbaya inamaliza damu ya mgonjwa. Najua wamefanya kwa mapenzi. Mimi mwenyewe nilishawahi kumficha shemeji yangu kifo cha kaka yake, nikajiona mwema. Lakini wamenifanya nimtukane mama yangu akiwa kaburini, wiki baada ya wiki, na mdogo wangu akanijibu, nitamwambia, dada. Hilo sijalimaliza hadi leo ninapoandika. Kama una mgonjwa nyumbani, mwambie. Mkalishe, mshike mkono, mwambie. Mwili wake ni wake, na msiba wake ni wake pia.

Siku iliyofuata sikumeza dawa. Nilikaa kitandani nimegeukia ukuta. Siku ya pili muuguzi alituma mtu kuniita, na nilipofika hakunipa pole ndefu. Alikuwa ameshaambiwa.

"Mama, mwihangane," akasema, ndiyo pole ya Kirundi, kisha akaninyooshea vidonge. "Iko na haki ya kukasirika. Kasirika. Mais, lakini meza."

Nikameza. Nikatapika. Nikameza tena. Akatoa kadi, akaandika kilo, akazizungushia duara la tatu. Kisha akainua kalamu, akanitazama, akasema ananipa wiki moja. Wiki moja vidonge vikae, la sivyo anaandika barua ya hospitali kubwa. Nikamwambia nipe dawa za wiki hiyo mkononi, naenda Muyinga kuitafuta nanaa mwenyewe. Akanihesabia vidonge kwenye bahasha.

Saidi alitaka kunisindikiza, nikamkatalia. Nilikaa kituo cha magari tangu alfajiri, mafuta yakapatikana saa nne, nikafika Muyinga mchana umeshageuka. Mariamu alinisubiri barabarani. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Aliponiona akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, watu wanatazama, nikamwambia inuka, sina nguvu za kukuinua.

Nyumbani alikuwepo Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyehamia tangu msiba. Nilikuwa nimejiandaa kuwagombeza wote wawili hadi wajute, lakini nilipoingia chumbani kwa mama nikakuta godoro limekunjwa kitandani, nikageuka. Nikaenda kaburini, nikaomba dua, nikarudi, nikasema tunaanza kutafuta.

Siku mbili tulitembea mabondeni. Hakuna aliyejua mama alikuwa anapita wapi. Mariamu alijua tu kwamba alirudi na miguu yenye tope. Tukashuka kila penye chemchemi, kila mfereji wa mpunga, kila mahali ambapo mguu unazama kidogo, na kiangazi kilikuwa kimekausha sehemu nyingi. Tukauliza wanawake wanaochota maji. Mmoja akatuonyesha umwenya. Mwingine akatuonyesha umuravumba kwa fahari kubwa, nikakaa chini nikacheka kicheko kibaya. Asubuhi zote mbili nilitapika. Bahasha yangu ilikuwa inapungua na mimi sijafaidi chochote.

Asubuhi ya tatu nilimeza vidonge kwa maji matupu, na dakika kumi hazikupita tumbo likapanda. Nikatoka mbio kwa mlango wa jikoni, kuelekea nyuma, kwenye migomba. Nyuma yangu nikasikia Mama Mkubwa akipiga kelele.

"Usiende pale! Hadija! Usipite pale!"

Nilishapita. Kulikuwa na vijiti vimelazwa kuzuia watu, nikaviruka, nikainama, nikatapika kila kitu. Nilipomaliza nikashika magoti, navuta pumzi kwa mdomo, na pumzi ikaingia ya baridi.

Nikatazama miguuni. Nilikuwa nimesimama juu yake.

Niliinama nikashika shina, likakataa kuzunguka vidoleni. Majani mawili mawili, meno pembeni. Nikavuta, ikaja kamba nyeupe, na hatua mbili mbele shina jingine likatikisika. Ilikuwa imejaa eneo la ukubwa wa mkeka, mbichi kabisa, katikati ya kiangazi, kwa kuwa maji ya kuoshea vyombo yanashukia hapo.

Mariamu alifika akasimama upande wa pili wa vijiti. Akasema pale ndipo mama alipokuwa anakaa na kigoda chake kunisafishia nanaa siku za Ijumaa. Majani ananifungia mimi, mizizi na vilivyokatika anavitupa pembeni. Na pale ndipo walipomwoshea. Walichimba kishimo cha kupokea maji ya kumwosha, wakakifukia, wakaweka vijiti, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekanyaga hapo wala kutazama. Walikwenda kuitafuta nanaa yangu mashambani, miezi miwili na nusu, ikiwa hatua kumi na tano kutoka jikoni.

Nilianza kuchuma.

"Haifai, mwanangu," Mama Mkubwa akasema. Alikuwa analia. "Hapo maji ya maiti yamepita. Hii hainywewi."

"Maiti ya nani, Mama Mkubwa?"

Akarudi nyuma hatua moja.

"Ya mama yangu," nikasema. "Ambaye mlimwosha mimi sipo."

Sijui wanaojua dini wangesemaje, na asubuhi ile sikutaka kujua. Niliyaosha majani mara tatu, nikayachemsha sana, nikafunika. Mama Mkubwa aliingia ndani, kisha akatoka, akaniletea kikombe cha mama, kile cha bati chenye mdomo uliomeguka, akakiweka karibu nami. Nikanywa nusu. Nikatoa vidonge vingine kwenye bahasha, nikameza. Nikanywa nusu iliyobaki. Kisha nikakaa kizingitini mwa jikoni, mikono juu ya tumbo, kusubiri saa moja.

Mariamu akaja akakaa kando yangu.

"Dada, tuliogopa utakufa na we," akasema.

"Nilitaka kumzika," nikasema. "Sasa niambie. Yote. Usinifiche hata kidogo."

Akaanza. Akanieleza nguo alizokuwa anaanua, na kwamba kanga ya mwisho ilibaki kambani hadi kesho yake. Nani alimkuta. Nani alifunga kidevu chake. Wanawake wanne waliomwosha, majina yao, na kwamba Mama Mkubwa ndiye aliyemmiminia maji, na kwamba alikuwa mwepesi. Nani alileta sanda, jeneza lilibebwa na kina nani, nani alilia hadi akatolewa nje, na jinsi mwalimu wa msikiti wa hapo alivyoniombea mimi kwa jina mbele ya watu wote, na wote wakaitikia amina kisha wakaapa hawataniambia. Alieleza akisimama kwa kwikwi na kuendelea, na mimi nililia bila kujizuia, na kikohozi hakikuamka. Jua likapanda hadi likagusa miguu yetu.

Saa moja ikapita. Vidonge vikabaki. Mariamu alikuwa amefika mwisho, akajifuta uso kwa mtandio.

Nikamwambia aanze tena, tangu kwenye kamba ya nguo.